Utafiti wa siasa za dunia waweza kuanzia kwa bibi, Lushoto

Simu ya mtoto aliyeko chuoni ikiita mwishoni mwa muhula, wazazi wengi hujiandaa kusikia habari ya ada au kodi ya chumba. Akifika mwaka wa mwisho huongezeka ombi jingine: hela ya utafiti.

Wapo wanaoitumia kwa nauli na kuchapa kazi. Wapo pia ambao, baada ya kukesha wiki kadhaa bila kumaliza hata ukurasa mmoja, humpa mtu awaandikie.

Mara nyingi kinachowakwamisha ni ukubwa wa mada. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa huja na kichwa kama “Athari za siasa za dunia kwa Afrika”, kisha anashangaa kwa nini hajui aanzie wapi. Mada hiyo ingemshinda hata profesa wake.

Kwa familia zenye asili ya Lushoto, Bumbuli au Muheza, msaada uko karibu. Milima ya Usambara imeguswa na maamuzi ya mataifa makubwa kwa zaidi ya miaka 100, na njia mojawapo nyepesi ya kuyafuatilia ni ugonjwa ambao kila nyumba inaujua: malaria.

Gome la mti na vita viwili

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki. Miongoni mwa miti iliyopandwa ni sinkona, yenye asili ya milima ya Andes huko Amerika Kusini. Gome lake ndilo lililotoa kwinini, dawa kuu ya malaria wakati huo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Waingereza walizuia meli za Ujerumani kufika pwani. Wajerumani wakatumia magome ya sinkona yaliyopatikana hapa hapa kujitengenezea kwinini ya askari wao. Waliposhindwa vita, Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na Amani ikaenda pamoja nayo.

Mwaka 1942 Japan iliteka kisiwa cha Java, kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Mataifa yaliyopigana nayo yakalazimika kuitafuta kwingine na kuharakisha dawa za kutengenezwa viwandani.

Katika miaka ya 1950 Amani ikawa makao ya taasisi ya malaria iliyohudumia Afrika Mashariki yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi hiyo ikabaki mikononi mwa Tanzania. Mwaka 1979 ikatungwa sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Amani ikawa kituo chake kimojawapo.

Mlima mmoja, ugonjwa mmoja, na ndani yake kuna ukoloni, vita viwili vya dunia na kuvunjika kwa jumuiya.

Kutoka mada hadi swali

Historia hiyo inaendelea hadi leo. Mwaka 2005 Rais wa Marekani alitangaza mpango wa kupambana na malaria, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kuingizwa. Januari 20, 2025 rais mwingine wa nchi hiyo alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya.

Hapo mwanafunzi anaweza kupata swali linalobebeka: je, uamuzi huo ulibadili nini katika upatikanaji wa vyandarua kwenye kata moja ya Lushoto? Au: kuvunjika kwa jumuiya mwaka 1977 kuliwagusa vipi wafanyakazi wa Amani na familia zao?

Swali zuri lina mahali, muda na watu. Likikosa kimojawapo, kazi huyumba.

Hata jiografia humsaidia. Lushoto mjini iko takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Ukishuka Mombo, joto huwaharakisha. Ndiyo maana wenyeji wa juu huchukua tahadhari wanaposhuka tambarare. Mwanafunzi akilinganisha kata ya juu na ya chini, tayari ana hoja.

Namna ya kukusanya taarifa

Kabla ya kuhoji mtu, achukue barua ya utambulisho chuoni na kuiwasilisha ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata. Taarifa za wagonjwa asiziguse bila kibali cha maadili ya utafiti. Kwa kazi fupi, nyaraka za wazi za serikali, Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam na simulizi za wazee vinaweza kumtosha.

Bibi asiulizwe, “Unaonaje siasa za dunia?” Aulizwe alipougua homa utotoni alipewa nini, nani alileta dawa, na ilikoma kupatikana lini. Majibu yaandikwe kama alivyosema, kisha yalinganishwe na nyaraka. Vikitofautiana, tofauti hiyo nayo ni matokeo na iandikwe.

Kununua kazi ni kununua hasara

Biashara ya kuandikia wanafunzi imevuka mipaka. Nchini Kenya wapo wahitimu wanaolipwa kuandika kazi za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na mwaka 2022 sheria iliyopitishwa Uingereza ilifanya huduma hiyo kuwa kosa huko England.

Aliyenunua kazi, au aliyeachia akili unde iandike yote, hukwama msimamizi anapomuuliza swali la pili. Adhabu yaweza kufika hadi kufukuzwa chuo, na ada ya miaka mitatu ikapotea.

Nafasi ya familia

Mzazi hahitaji kujua siasa za kimataifa ili asaidie. Aulize mapema, mwanzoni mwa muhula, “Swali lako ni lipi?” Kijana akishindwa kulieleza kwa sentensi mbili, bado hajawa tayari kuandika, na arudi kwa msimamizi.

Akiwa nyumbani, apunguziwe kazi kwa siku chache na apate mahali penye mwanga. Kukesha mfululizo kusisifiwe: ubongo usiolala hushindwa kukumbuka na kupanga hoja. Ukurasa mmoja kila siku una faida kuliko kurasa 20 za usiku wa mwisho.

Na kabla kazi haijakabidhiwa, bibi asomewe sehemu iliyotoka kwake, kwa Kisambaa kama ndicho anachokielewa vizuri. Akisahihisha jina au mwaka, irekebishwe. Nakala moja ibaki nyumbani, maana wanaokumbuka enzi hizo wanapungua kila mwaka.