Je, Wajua? Jina Lililogongwa Puani mwa Randa

Ukipata randa kuukuu ya mbao kutoka Uingereza au Marekani, usianze kuangalia kisu chake. Igeuze kwanza uitazame puani, yaani ule upande mfupi wa mbele unaotangulia kwenye ubao. Mara nyingi utakuta majina yamegongwa pale kwa muhuri wa chuma. Lile kubwa, lililokaa katikati kwa utaratibu, ni la aliyeitengeneza. Madogo yaliyosongamana kando yake, mengine yamegongwa kichwa chini miguu juu, ni ya maseremala waliopokezana randa hiyo. Zamani hizo seremala aliyeajiriwa alikuja kazini na vifaa vyake mwenyewe, na karakanani randa zote zinafanana. Asiyetia chata yake alijitakia ugomvi.

Randa yenyewe ni ya kale kuliko mihuri hiyo. Zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Mwaka 2000 ilipatikana nyingine ya enzi ya Warumi huko Goodmanham, Yorkshire, ikiwa na bamba la chuma chini na mwili wa pembe ya ndovu. Yorkshire hakukuwa na ndovu, kwa hiyo pembe ile ilivuka nchi na bahari kabla ya kushikwa na seremala. Na meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na chumba cha seremala wake, randa zikiwamo.

Kwa karne nyingi fundi alijichongea randa yake mwenyewe. Ni mwishoni mwa karne ya 17, huko London, ndipo watu kama Thomas Granford walipoanza kuishi kwa kutengeneza randa za kuuza. Wateja hawakukosekana, maana randa moja haikutosha. Kila umbo la nakshi kwenye fremu ya mlango au ukingo wa kabati lilidai randa yake, yenye tumbo lililochongwa kinyume cha umbo hilo. Seti kamili ya randa za mbonyeo na mviringo peke yake ilikuwa jozi 18, yaani vipande 36. Ndiyo maana zimebaki nyingi hadi leo.

Je, wajua kwamba mmoja wa watengenezaji wa randa wa mwanzo kabisa wanaojulikana Marekani alikuwa mtumwa? Aliitwa Cesar Chelor. Aliishi katika mji mdogo wa Wrentham, Massachusetts, akiwa mali ya Francis Nicholson, ambaye naye ndiye mtengeneza randa wa kwanza wa Marekani anayethibitishwa na maandishi. Karakana ilikuwa ya Nicholson, na muhuri ulikuwa wa Nicholson: jina lake, kisha maneno ya kueleza kwamba anaishi Wrentham.

Nicholson alifariki mwaka 1753, na wosia wake ulimwacha Chelor huru. Wosia huo hausemi uhuru tu, unaorodhesha vitu: kitanda na matandiko yake, sanduku, nguo, benchi la kazi na vifaa vyake vya kawaida, seti ya patasi, jiliwa moja, ekari kumi za ardhi na theluthi moja ya mbao za Nicholson. Hapo ndipo ninapomwona fundi waziwazi. Nguo na kitanda angeweza kupewa mtu yeyote aliyeachwa huru, lakini jiliwa, patasi na shehena ya mbao hupewa anayetarajiwa kuamkia kazini kesho yake.

Naye aliamka. Alijipatia muhuri wake, wenye mpangilio ule ule wa bwana wake wa zamani: Chelor, anaishi Wrentham. Aligonga jina hilo kwenye randa zake katika koloni ambalo sheria yake bado iliruhusu binadamu kuuzwa. Utumwa ulikoma kutambuliwa na mahakama za Massachusetts mwaka 1783, na Chelor akafariki mwaka 1784. Leo watoza vitu vya kale huzisaka randa zake kwa bidii, na baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho.

Si kila muhuri ni mkweli namna hiyo. Katika karne ya 19 baadhi ya kampuni za Marekani zilikodi nguvu kazi ya wafungwa. Randa zilitengenezwa katika jela ya Auburn, jimbo la New York, na wafungwa wa Ohio waliifanyia kazi Ohio Tool Company, iliyoanzishwa Columbus mwaka 1851. Puani limegongwa jina la kampuni na nambari ya aina ya randa. Mfungwa aliyechonga koo la randa ile, sehemu ngumu kuchonga kuliko zote, hatajwi popote.

Kisu nacho kina habari zake. Mtengeneza randa hakuwa mhunzi, kwa hiyo alinunua visu, na randa iliyochongwa London ina kawaida ya kubeba kisu chenye chata ya Sheffield. Kukitoa, piga kisigino cha randa, yaani upande wake wa nyuma, kwa nyundo ya mti, taratibu, mpaka kabari inayokibana ilegee. Utaona kwamba kisu chenyewe ni madini mawili: chuma laini, na bamba jembamba la feleji lililounganishwa kwa moto kwenye makali.

Na kama umeirithi ikiwa imejaa vumbi na mafuta, ifute kwa kitambaa. Msasa uweke mbali na pua: majina yale hayakuzama sana, na mipigo michache tu inatosha kumfuta fundi.