Ndege asiye na nyota: Tujifunze kusoma sanamu za jiwe la Kisii

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna sanamu ya jiwe la Kisii? Huenda ni kiboko mdogo anayezuia karatasi zisipeperuke mezani. Huenda ni baba, mama na mtoto waliokumbatiana mpaka wakawa kitu kimoja, nao wamewekwa juu ya kabati la vyombo. Kama ipo, ni lini ulipoitazama mara ya mwisho ukajiuliza inakuambia nini?

Wengi wetu tunajua kusoma nyota kuliko kusoma sanamu. Gazeti likiingia nyumbani Jumapili, wapo wanaokimbilia ukurasa wa nyota kabla ya habari za siasa. Kijana wa chuo atakuambia bila kusita kwamba yeye ni Simba na mpenziwe ni Mizani, na kwa hiyo watasikilizana. Lakini mwulize kijana huyo huyo maana ya sanamu iliyo sebuleni kwao. Atakujibu, "Hilo ni pambo tu."

Leo tuyaunganishe mambo hayo mawili. Wapo watu wanaozifasiri kazi za wachongaji kwa kutumia ishara kumi na mbili za nyota. Hutazama sanamu wakauliza: hii ina tabia ya Simba au ya Kaa? Ni ya moto au ya maji? Je, njia hiyo inaweza kutufaa sisi tunaoishi karibu na machimbo yenyewe? Tuijaribu kwa kazi za mtu ambaye jina lake limevuka bahari, Elkana Ong'esa wa Tabaka.

Majirani wa mawe

Ukiwa Suna, eneo lenye mji wa Migori, Tabaka si mbali. Barabara kuu kutoka Isebania hupita Migori, Awendo na Rongo kabla ya kufika Kisii, na Tabaka iko huko vilimani, Mugirango Kusini. Jiwe lake huchimbwa kwa mikono. Lipo jeupe, la waridi, la kijivu na la manjano. Wanaume wengi huchimba na kuchonga kwa panga na visu. Akina mama huketi kando ya mabeseni ya maji, wakisugua kila sanamu kwa msasa hadi iwe laini.

Suna nayo si ngeni kwa mawe. Katika kaunti hiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya kale ambayo kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikiza. Inakadiriwa yalijengwa karne ya 16. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Shirika hilo hilo, katika makao yake makuu jijini Paris, lina sanamu ya Ong'esa iitwayo Enyamochera, ndege wa amani. Mchongaji huyu alizaliwa mwaka 1944 na amewahi kuwa mwalimu wa sanaa. Kazi yake nyingine ya ndege, wale wanaocheza ngoma, iko New York katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la Smithsonian jijini Washington, yeye alikuwa huko akichonga ndovu mbele ya macho ya watu.

Nyota ni lugha

Kabla ya kuzitazama kazi hizo, tukumbushane ishara zenyewe. Zilianzia Babeli ya kale, Wayunani wakazipokea, na Waarabu wakaziendeleza. Katika pwani yetu huitwa buruji, na elimu yake ni falaki. Ni Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wenye elimu hiyo huzigawa katika moto, udongo, upepo na maji, kila fungu ishara tatu. Katika Afrika Mashariki aliyezitangaza kuliko wengi ni Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011.

Je, nyota kweli huamua maisha ya mtu? Wataalamu wa anga wanatuambia jambo la kutufanya tutulie kidogo. Miaka 2,000 hivi iliyopita, tarehe 21 Machi jua lilionekana likiwa katika kundi la nyota la Kondoo. Leo, tarehe hiyo hiyo, jua liko katika Samaki, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka. Kwa hiyo anayejiita Kondoo, huenda jua lilikuwa kwa Samaki siku aliyozaliwa!

Hata hivyo, tusiyatupe majina hayo. Mtaalamu wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Jung, alifundisha kwamba kuna sura za asili ambazo binadamu wote wanazo moyoni: mama, shujaa, mzee mwenye hekima, mjumbe, mapacha. Kwa maoni yake, watu wa kale walizichukua sura hizo za ndani wakazichora juu mbinguni. Ndiyo maana Simba wa nyota anafanana na mfalme wa hadithi zetu ingawa waliomtaja kwanza hawakuwa majirani zetu.

Jung mwenyewe alifika Kenya mwaka 1925, akasafiri hadi Mlima Elgon. Baadaye aliandika kwamba aliwaona wenyeji wakitemea viganja vyao mate, kisha wakivielekeza kwa jua linapochomoza. Alipowauliza maana yake, walimjibu kwamba ndivyo walivyofanya siku zote. Liweke jibu hilo akilini, msomaji. Ishara inaweza kuishi katika mikono ya watu hata kama hakuna anayeieleza kwa maneno.

Tujaribu kusoma

Sasa turudi kwa Enyamochera. Kwa mila za Wagusii huyu ni ndege wa heri, mjumbe wa habari njema. Msomaji wa nyota atasema mara moja kwamba huyo ni Mapacha, kwa sababu ishara hiyo hutawaliwa na Utaridi, sayari ya wajumbe. Mwingine atapinga: ndege wa amani ni Mizani, ishara ya haki na upatanisho, na hasa akiwa amewekwa katika nyumba ambamo mataifa hukutana. Wote wawili wana hoja, na hoja zao zinatulazimisha kuitazama sanamu kwa makini. Je, ukimtazama ndege huyu unaona anayesema, au anayesikiliza?

Tuendelee na mafungu manne. Jiwe ni udongo. Ndege ni wa upepo. Maji yamo, kwa kuwa sanamu ya jiwe la Kisii husuguliwa ikiwa na unyevu. Na moto? Huo ni wa mhunzi aliyefua panga na patasi. Ukiwaza hivyo utaona ujasiri wa mchongaji wa ndege. Amechukua kitu kizito, kinachotaka kulala ardhini, akakiagiza kiruke. Hilo huwezi kuliona ukisema tu, "Ni ndege mzuri."

Kuna ishara nyingine inayotufaa zaidi, nayo ni Mashuke. Mchoro wake wa kale ni mwanamke aliyeshika masuke ya nafaka, na tabia yake ni subira, usafi na kazi ya mikono isiyo na kelele. Waangalie sasa wale akina mama wa Tabaka kando ya mabeseni. Sanamu ikiuzwa hutajwa aliyechonga, kama anatajwa mtu yeyote. Aliyesugua hatajwi. Lakini ule ulaini unaokufanya upitishe kidole juu ya jiwe na kutabasamu ni kazi yake. Vumbi lake nalo huingia kwenye mapafu yake, hasa jiwe linaposuguliwa likiwa kavu. Hapa nyota imetusaidia kumwona mtu tuliyekuwa tukimpita.

Mahali nyota zinapokwama

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Zihesabu tena zile ishara kumi na mbili. Yuko kondoo, yuko mbuzi, yuko hata nge. Ndege hayumo hata mmoja! Ndovu hayumo. Kiboko hayumo. Waliozipanga walikuwa watu wa nchi nyingine, wakachora walichokijua.

Basi tukimsukuma Enyamochera aingie ndani ya Mapacha au Mizani, tunampoteza yeye mwenyewe. Mgusii aliyelelewa na hadithi za ndege huyo hahitaji kuambiwa habari za Utaridi. Ndovu wa Washington naye tukimwita Ng'ombe kwa kuwa wote wawili ni wakubwa na wapole, tutakuwa tumesahau kila kitu tunachosimuliana juu ya ndovu katika nchi hii.

Na watu wa Suna je, hawana njia yao ya kusoma anga? Wanayo, nayo imo katika majina yao. Mtoto akizaliwa jua likiwa linapanda asubuhi ni Onyango au Anyango. Jua likiwaka katikati ya mchana ni Ochieng' au Achieng'. Jioni ni Odhiambo, usiku ni Otieno au Atieno, na mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth. Mapacha hawangoji mwezi wa Mei na Juni: wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo. Mjaluo hakuuliza jua liko katika kundi gani la nyota. Aliuliza liko wapi juu ya boma letu sasa hivi. Nyota yenyewe kwa Kijaluo ni sulwe, neno ambalo leo linajulikana hata ng'ambo kwa sababu ya kitabu cha watoto cha Lupita Nyong'o cha mwaka 2019.

Jaribu kusoma sanamu kwa majina hayo. Familia ile ya jiwe juu ya kabati, je, ni ya Odhiambo, wakati kila mtu amerudi nyumbani na moto umewashwa? Au ni ya Okoth, watu waliokumbatiana kwa sababu kunanyesha? Jibu lolote utakalotoa, tayari umeanza kuitazama.

Kwa nini tujisumbue

Utaniuliza, hayo yote ya nini? Jiwe ni jiwe, anayetaka anunue. Hapana, ndugu msomaji. Kitu kisichosomwa huuzwa kwa dazeni. Mnunuzi akiona pambo tu, ataulizia bei ya kumi na mbili na kudai apunguziwe. Naye mchongaji mwenye karo ya kulipa atachonga kile kinachotoka haraka. Kesho akiagizwa ishara kumi na mbili za nyota kwa ajili ya duka la ng'ambo, atazichonga, na hatuwezi kumlaumu. Lakini kila siku anayochonga Nge na Ndoo kwa agizo ni siku ambayo ndege wa nyanya yake anabaki ndani ya jiwe. Baada ya muda mtoto wake atajua nyota za Babeli na hatajua Enyamochera ni nani. Mwacha mila ni mtumwa.

Wako pia wasomaji ambao dini zao haziwaruhusu kushughulika na nyota. Hao nawaelewa, na wala hawatapungukiwa na kitu. Yale maswali yanatosha bila unajimu wowote.

Hebu leo jioni, baada ya chakula, ishusheni sanamu yenu kutoka kabatini. Ifuteni vumbi. Kila mtu, hata yule wa darasa la kwanza, aishike kwa zamu, akiwa amefumba macho, aseme kama ni nzito au nyepesi, kama imelala au inataka kuondoka. Kisha ajibu maswali matatu. Kwanza, ingekuwa mtu, ingekuwa na tabia gani? Anayependa nyota na aitaje nyota. Pili, ingezaliwa saa ngapi, na kulikuwa na hali gani ya hewa? Tatu, kwa kabila letu, mnyama au ndege huyu husimuliwa vipi? Kama hapo hakuna anayejua, mpigieni babu au nyanya simu.

Na siku mtakaposafiri kuelekea Suna na kusimama penye sanamu kando ya barabara, msianze na bei. Mwulizeni anayeuza maswali mawili: nani aliichonga, na nani aliisugua? Mkipata majina hayo, yaandikeni kwa kalamu chini ya kitako cha sanamu kabla hamjaifunga kwenye gazeti.