Mwanga Unaokagua Kidonge Bila Kukivunja

Kiwanda kinapokagua bechi yenye vidonge laki kadhaa, kwa kawaida maabara huchukua vidonge 30 na kupima kiasi cha dawa katika 10. Hivyo vikifaulu, 20 vilivyobaki haviguswi. Vilivyopimwa husagwa, huyeyushwa na kupitishwa kwenye mashine ya kromatografia. Majibu yakitoka, bechi nzima imeshatengenezwa zamani.

Spektroskopia ya infraredi ya karibu hukagua kazi ikiendelea. Hutumia mwanga usioonekana, wenye mawimbi ya takriban nanomita 780 hadi 2500. Ndani ya molekuli, haidrojeni iliyoungana na kaboni, oksijeni au nitrojeni hutikisika, na kila muungano hufyonza sehemu yake ya mwanga huo. Maji, kwa mfano, hujitambulisha karibu na nanomita 1450 na 1940. William Herschel aligundua miale ya infraredi mwaka 1800, lakini wakemia waliipuuza sehemu hii kwa muda mrefu kwa sababu alama zake hupandana. Aliyeipa kazi ni Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliyeitumia kupima nafaka katika miaka ya 1960. Watengenezaji wa dawa walikuja kujifunza kwa watu wa ngano na soya!

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye pipa la kuchanganyia unga. Kihisi hutazama ndani kupitia kidirisha, na pipa likizunguka hupiga picha ya mwanga mara kwa mara. Picha zikiacha kubadilika, unga umechanganyika. Zamani fundi alifuata saa tu: dakika zilizoandikwa zikiisha, anazima. Akizima mapema, kidonge kimoja hubeba dawa nyingi na kingine kidogo. Akichelewa, magnesiamu stearati, kilainishi kinachozuia unga usigande kwenye mashine, hutandaa mno juu ya chembe, na kidonge huchelewa kuyeyuka tumboni mwa mgonjwa.

Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo wa kuhimiza viwanda vipime uzalishaji ukiwa unaendelea. Mwaka 2016 iliiruhusu kampuni ya Janssen kutengeneza Prezista, dawa ya VVU, kwa mtiririko usiokatika huko Gurabo, Puerto Rico. Mtiririko wa namna hiyo hauwezi kusimama kila mara kusubiri maabara.

Hata hivyo, kifaa hiki hakijui chochote mpaka kifundishwe. Hupewa sampuli nyingi ambazo maabara imeshazipima, ndipo hesabu za takwimu ziunganishe mwanga na kiasi cha dawa. Msambazaji akileta unga wenye chembe kubwa kuliko za awali, huenda mafunzo yakaanza upya. Uchafu mdogo sana ndani ya kidonge hakiuoni kabisa. Kiwanda kinachokinunua ili kipunguze wakemia kimefanya hesabu mbaya.