Umeme Uliomo katika Vumbi

Wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na nchi kavu, huonekana kisulisuli kikizunguka uwanjani na kuinua vumbi na majani makavu hata juu ya paa. Ukimwuliza mtu ni nini kiinuacho vumbi hilo, atajibu mara moja kuwa ni upepo. Jibu hilo ni kweli, lakini si lote, maana katika vumbi mna umeme pia.

Neno hilo lisikushangaze. Twaa kichana kikavu, ukipitishe katika nywele kavu mara nyingi, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vinaruka na kukishika. Watu wa kale waliliona jambo hili katika kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe. Waajemi waliipa jina lenye maana ya mnyang'anyi wa majani makavu, na kwa jina hilohilo Waarabu huuita umeme wa mitambo hata leo.

Punje za vumbi nazo husuguana. Zikipeperushwa hugongana maelfu kwa maelfu, na kila zigonganapo umeme kidogo huhama kutoka punje moja kwenda nyingine. Mara nyingi zilizo ndogo hupata umeme uitwao hasi, na kubwa hubaki na ule uitwao chanya. Kisha upepo huzitenga: ndogo, kwa kuwa ni nyepesi, huchukuliwa juu, na kubwa hubaki karibu na ardhi. Hivyo umeme wa namna mbili huachana, nao huvutana daima. Nguvu hiyo ikizidi, huweza kusaidia kuinua punje ambazo upepo peke yake ungeziacha chini.

Watu wa Marekani waliyajua hayo kwa taabu. Katika miaka ya 1930 nyanda za Kansas, Oklahoma na Texas zilipatwa na ukame mkali. Wakulima walikuwa wamekwisha kuzilima nyasi zilizoushika udongo, basi upepo ukauchukua. Jumapili, tarehe 14 Aprili 1935, wingu jeusi la vumbi lilifunika nchi, na mchana ukawa kama usiku. Katika tufani za namna hiyo watu waliogopa hata kupeana mikono, kwa ajili ya mshtuko. Motokaa zilizimika njiani, maana umeme wa vumbi uliharibu kazi ya cheche ziwashazo injini. Na kukwama gizani, vumbi likiziba pua na koo, kulikuwa hatari kubwa.

Dawa waliyoipata ilikuwa rahisi kuliko mtu angalivyodhani. Mipira ya magurudumu haipitishi umeme vema, kwa hiyo umeme ulijikusanya katika gari bila njia ya kutokea. Madereva wakafunga mnyororo wa chuma nyuma ya gari, ukaburutwa barabarani, na kwa njia hiyo umeme ukashuka ardhini.