Betri ya haibridi haitolewi gari likabaki la petroli

Swali nalijua kabla mtu hajalimaliza, awe amenisimamisha stendi ya Kasulu au amenipigia kutoka Kibondo: "Fundi, familia imekua, nichukue Noah haibridi au Outlander ile ya kuchomeka kwenye umeme? Halafu betri ikifa si tunaitoa tu, linabaki gari la petroli?" Nusu ya kwanza ni swali la maana. Nusu ya pili ndiyo inayowamalizia watu akiba zao, na kwa kuwa inarudi kila wiki, nitaanza nayo.

Betri ile haitolewi. Hakuna gari la petroli lililojificha chini ya haibridi likisubiri kufunguliwa.

Chukua Noah haibridi ya bodi ya 80, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014 na injini ya 1.8. Fungua boneti utafute stata. Haipo. Tafuta oltaneta. Haipo. Injini inawashwa na mota iliyo ndani ya gia boksi, na mota hiyo inakula umeme wa betri kubwa ya volti 201.6. Betri ndogo ya volti 12, hiyo mnayoibusti, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei zinazoruhusu umeme mkubwa kupita, na yenyewe inachajiwa na huo huo umeme mkubwa baada ya kushushwa volti. Pampu ya maji haina mkanda, inazungushwa kwa umeme. Kompresa ya AC vilevile. Na la kukata ubishi: gari hilo halina gia ya rivasi. Linarudi nyuma kwa mota ya umeme kuzunguka kinyume. Anayekuahidi kuitoa betri akueleze kwanza gari litawashwa na nini, halafu akueleze litatokaje kwenye maegesho.

Outlander ndiyo kabisa. Haina gia boksi ya kubadilisha gia. Magurudumu yanasukumwa na mota mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na muda mwingi injini yake inazungusha jenereta tu. Ikishika kasi ya barabara kuu ndipo injini inaunganishwa moja kwa moja na magurudumu ya mbele. Ukiitoa betri, dashibodi haitaandika READY, na bila neno hilo gari halisogei hata hatua moja.

"Lakini jirani yangu walimtolea na linatembea." Hapana. Mara nyingi kilichofanyika ni kuchomoa terminali ya betri ndogo ili taa ya onyo izimike. Kompyuta ikishafutwa kumbukumbu inahitaji muda wa kuendeshwa ndipo ilione tena tatizo lile lile, na ndani ya muda huo gari linauzwa au malipo ya ufundi yanapokelewa. Wengine hung'oa mfumo mzima wakafunga injini na gia boksi ya Noah ya kawaida. Hapo hukutoa betri, umenunua gari la pili kwa vipande, na kadi ya gari inasoma injini ambayo haimo tena.

Kuna na dawa ya pili, ya "kubadilisha seli moja". Betri ya Noah ina moduli 28 zilizounganishwa mfululizo, kila moja volti 7.2. Fundi anapima, anakuta moja imeshuka, anapachika nyingine iliyotoka kwenye betri kuukuu ya gari lililogongwa, anakwambia kazi imeisha. Haijaisha. Moduli 28 zikiwa zimezeeka pamoja, ile iliyoanguka ni ya kwanza tu kwenye foleni. Uliyopachika ina uwezo tofauti na wenzake, kwa hiyo wakati wa kuchaji inajaa mapema au inachelewa, inapata joto, inawavuta walio jirani nayo. Baada ya miezi unarudi gereji kwa moduli nyingine, kisha nyingine. Anayefanya kazi hii kwa haki huzipima zote uwezo wake, huzichaji na kuzishusha mara kadhaa, halafu huzipanga zinazolingana. Hiyo si kazi ya saa mbili chini ya mwembe. Fundi rewaya asiye na glavu za umeme mkubwa asiguse nyaya za rangi ya chungwa kamwe. Hata plagi ya usalama ikishachomolewa, inveta bado imebeba umeme wa kuua, na kanuni ni kusubiri dakika 10 kabla ya kufungua kitu chochote.

Kinachoua betri hizi huku kwetu ni joto, na joto linaletwa na vumbi. Betri ya Noah iko chini ya viti vya mbele na inapumua hewa ya ndani ya gari kupitia feni. Nikiifungua feni ya gari lililotembea Heru Juu au Mabamba kiangazi kizima, mapezi hayaonekani: yamefunikwa blanketi la vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za zulia na nywele, unalibandua kwa kidole kama ngozi. Juu ya matundu yenyewe kuna gunia la maharage. Betri hiyo haikuwa mbovu ilipotoka Japani. Ilinyimwa hewa, na kuisafisha feni ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa turudi kwenye nusu ya kwanza ya swali, na hapa hesabu ndiyo inayoongea. Outlander ya mwaka 2013 ina betri ya kilowati-saa 12. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, pamoja na kodi, uniti moja ya LUKU ni kama shilingi 356, hivyo kuijaza ni shilingi 4,300 hivi. Betri iliyotumika, kwenye vilima vyetu, itakupa kilomita 35 au 40. Noah haibridi kwa umbali huo inakunywa lita mbili na nusu, na petroli huku imekuwa ikizunguka shilingi 3,000. Unaokoa kama shilingi 3,000 kila unapochaji. Ni pesa, lakini zinakuja ukizungukia mjini tu na kulala nyumbani. Kasulu hadi Kigoma ni kilomita 90 hivi, na Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya 130. Umeme utakwisha njiani, na kuanzia hapo unaendesha gari zito la petroli lililobeba betri tupu. Walio kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi wajue kwamba wakichaji kila usiku watazivuka kabla ya wiki kwisha, na bei itaruka.

Basi uchague hivi. Familia ya watu sita au saba inayosafiri kwenye lami, chukua Noah haibridi. Outlander za kuchomeka (PHEV) za kabla ya toleo la mwishoni mwa 2021 zina viti vitano tu, kwa hiyo kama mko saba mjadala umekwisha. Familia ya watano inayoishi nje ya lami, mvua za masika zikigeuza barabara kuwa utelezi, Outlander ina mota ya nyuma na nafasi ya sentimita 19 chini. Noah ya bodi ya 80 inavuta mbele tu na tumbo lake liko chini zaidi. Ukitaka vyote viwili ipo Estima haibridi, iliyotengenezwa 2006 hadi 2019, ina mota ya nyuma na viti saba au vinane, ila injini ni 2.4 na nyingi zimezeeka. Piga hesabu ya ushuru kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipia gari: lililozidi miaka 8 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, lililozidi 10 asilimia 30, na injini iliyozidi cc 2,000 ina kiwango chake cha juu. Waya wa kuchajia wa Kijapani usiuchomeke kwenye soketi ya ukutani ya ampea 13 wala kwenye ekstensheni. Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye swichi yake na arthi yake.

Na siku ya kununua, panda nalo mlima. Kwenye Noah, vipimo vya betri vikishuka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache kisha vikapanda haraka vilevile, betri imechoka, punguza bei au ondoka. Kwenye Outlander dai isomwe kwa kompyuta: kwenye betri ile ya kilowati-saa 12 seli mpya ni ampea-saa 40, na mimi chini ya 28 sinunui. Kabla hujatoa pesa fungua kifuniko cha feni ujionee mwenyewe.