Ndevu Zisizo na Lebo

Wanachuo wenzangu, likizo ya mwaka wa kwanza niliokota tawi chini ya mparachichi wa bibi, milimani Lushoto. Lilikuwa na ndevu za kijani-kijivu. Njiani, Soni, nikaokota nyingine. Zote nikazifunga kwenye gazeti moja, nikaja nazo chuoni kwa mbwembwe.

Fundi wa maabara akaniuliza: "Hii umeitoa wapi? Mti gani? Tarehe ngapi?" Nikababaika. Ipi ya bibi, ipi ya Soni? Juu ya gazeti nilikuwa nimeandika neno moja tu: ndevu.

Hizo ndevu si mmea. Ni kuvumwani, yaani muungano wa kuvu na mwani: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu huupa makazi. Zile za jenasi ya Usnea unazitambua hivi: zilowanishe, vuta uzi mmoja taratibu. Ganda la nje litakatika, ndani utaona kiini cheupe kinachonyumbulika kama mpira. Kwa kuwa hazina mizizi, hufyonza maji pamoja na vilivyomo hewani. Moshi wenye salfa ukizidi, nyingi hutoweka mapema.

Ndiyo maana lebo ina thamani. Sampuli huanikwa ikauka, ikawekwa kwenye bahasha ya karatasi. Juu huandikwa jina la kiumbe, mahali, mwinuko, aina ya mti, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake. Mtafiti akirudi pale pale miaka hamsini baadaye, ana cha kulinganisha. Hifadhi kubwa ya sampuli kavu iliyoko Nairobi ilianzia hapa kwetu, Amani, mwaka 1902. Na kitabu cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 kuhusu kuvumwani wa Afrika Mashariki kisingewezekana bila sampuli zenye lebo.

Mimi nitalinganisha nini? Mparachichi wa bibi ulikatwa mwaka jana, mjomba akajenga. Ndevu zake bado ninazo, zimechanganyika na za Soni, na hakuna wa kuzitenganisha.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo langu la kwanza la nje litakuwa fupi: penseli kwanza, bahasha baadaye.