'Yaishe' si 'kupatana': Sarufi inavyotufunza kuhusu haki rejeshi

Katika Kaunti ya Garissa, na eneo la Kaskazini Mashariki kwa jumla, kuna neno ambalo mgeni hulisikia kabla hajamaliza wiki: maslaha. Mifugo wakila shamba la mtu, kijana akimjeruhi mwenzake, hata mtu akiuawa, wazee huketi pamoja wakafanya maslaha. Wakishamaliza, Kiswahili cha mtaani hulifupisha jambo lote kwa neno moja: "Yaishe!"

Wakristo wanaoishi huko, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine za nchi, wana neno lao kanisani: upatanisho. Nao wanasheria na wahadhiri siku hizi wanazungumzia haki rejeshi. Je, maneno haya yana maana moja? Swali hili si la kamusi tu. Jibu lake linaweza kuamua iwapo msichana aliyebakwa atasikilizwa au atanyamazishwa.

Tuanze na istilahi yenyewe. 'Rejeshi' imeundwa kutokana na kitenzi rejesha, jinsi 'shirikishi' ilivyoundwa kutokana na shirikisha. Mfumo wa kawaida wa mahakama huuliza: ni sheria gani imevunjwa, nani ameivunja, na aadhibiwe vipi? Haki rejeshi huuliza mengine: nani ameumizwa, anahitaji nini, na ni nani mwenye wajibu wa kumtimizia?

Katika enzi yetu, fikra hii ilikuzwa sana na Wakristo wa madhehebu ya Mennonite. Mwaka 1974, katika mji wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, vijana wawili waliharibu mali za watu 22 usiku mmoja. Mark Yantzi, afisa wa urekebishaji tabia ambaye alikuwa Mmennonite, alipendekeza kwa hakimu wapelekwe nyumba kwa nyumba wakutane na waliowakosea, kisha walipe hasara. Hakimu alikubali. Mwaka 1990, Howard Zehr, naye Mmennonite, aliyafafanua mawazo hayo katika kitabu chake Changing Lenses.

Hata hivyo, msomaji wa Biblia hataona jipya hapo. Sura ya 22 ya Kutoka inamtaka aliyeiba ng'ombe na kumchinja alipe ng'ombe watano. Zakayo, mtoza ushuru, alipobadilika hakuishia kulia na kuomba radhi. Aliahidi kuwalipa aliowadhulumu mara nne.

Turudi Garissa. Maslaha limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa maneno mawili tunayoyatumia kila siku: suluhu na maslahi. Kwa asili, basi, maslaha ni kutengeneza kilichoharibika kwa manufaa ya wote. Tena, tazama msamiati wa Mkristo wa Kiswahili anapozungumzia kosa na tiba yake: haki, toba, samehe, fidia, suluhu. Yote hayo yametoka katika Kiarabu. Hata kisasi, ambacho mhubiri hutuonya tukiache, ni jamaa wa kisasi cha sheria ya Kiislamu. Mkristo na Mwislamu wa Garissa wanaweza kubishana kuhusu mengi, lakini wakiketi kuzungumzia haki kwa Kiswahili, wanachota kisima kimoja.

Patana, hata hivyo, ni Kibantu kitupu, na hapo sarufi inatufaa sana. Hebu tuvilinganishe vitenzi vinne.

Cha kwanza ni isha. Hiki si kitenzi elekezi. Tukisema "yaishe", kiima ni mambo. Hakuna aliyetenda, hakuna aliyetendewa. Mambo yanaisha tu, kama mvua inavyokatika.

Cha pili ni samehe. Hiki kina mtenda, naye ni aliyekosewa. Anaweza kusamehe peke yake, hata kama mkosaji hajatubu au hayuko tena duniani.

Cha tatu ni rejesha. Kitenzi hiki kinadai kitu, na kikinyambuliwa kuwa rejeshea kinadai pia mtu. Zakayo aliwarejeshea watu mali zao: 'mali' ni shamirisho kipozi, 'watu' ni shamirisho kitondo. Ukimwondoa kitondo, huelewi mali imekwenda kwa nani.

Cha nne ni patana. Huyu ni pata katika kauli ya kutendana. Mtu mmoja hawezi kupatana, kama vile hawezi kupigana peke yake. Ni lazima wawe wawili, na wote wawe watenda.

Tukitumia kipimo hiki, tutaona kwa nini maslaha husifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja. Katika migogoro ya malisho, visima na wizi wa mifugo, imezuia damu nyingi kumwagika. Katiba ya 2010 yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza upatanishi na njia za kimila za kutatua mizozo. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za jamii ya Wasomali kuelewana na fidia ikiwemo ngamia na mbuzi kutolewa.

Lakini kifungu hicho hicho kinakataza mila inayokiuka haki za kimsingi. Watetezi wa haki wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kesi za ubakaji zinazomalizwa kwa maslaha. Wazee, wote wanaume, hukutana. Fidia huenda kwa baba au ukoo. Msichana haulizwi chochote, kisha anaambiwa yameisha. Jamani, yameishia wapi? Kisarufi, hapo kuna kipozi bila kitondo halisi. Hakuna kupatana kwa sababu mmoja wa wawili hakuwepo. Ni 'yaishe' iliyovishwa kanzu ya suluhu.

Kanisa nalo lisijione limepona. Mara ngapi mwanamke aliyepigwa huambiwa "samehe, ndugu yetu ametubu"? Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anamwambia mtu aliye madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka yake na aende kwanza wapatane. Anayefunga safari ni yule anayelalamikiwa. Mzigo hauwekwi begani mwa aliyeumizwa.

Garissa imefunza hili kwa machungu. Julai 1, 2012, makanisa mawili mjini yalishambuliwa na watu wasiopungua 15 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu walikubaliana kuwa vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Hawakuwa wakosaji, wala hawakuweza kurejesha uhai. Walichosaidia kurejesha ni imani ya jirani kwa jirani.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wanafunzi Wakristo ndio waliolengwa. Washambuliaji wanne walikufa siku hiyo hiyo. Mwaka 2019, watu watatu walifungwa kwa kuhusika na shambulio hilo. Mzazi aliyempoteza mwanawe anaweza kusamehe, na akifanya hivyo ni neema kubwa. Lakini apatane na nani, ilhali waliofyatua risasi wamekufa? Hapa haki rejeshi haitoi majibu mepesi. Inatukumbusha tu kwamba hukumu haifuti deni: waliosalia na majeraha bado wanahitaji matibabu, ukweli kuhusu yaliyotokea, na jamii isiyowasahau.

Kwa hivyo, kalamu na mimbari zitumie maneno haya kwa uangalifu. Tusiandike kwamba familia 'zimepatana' ikiwa aliyeumizwa hakuketi kikaoni kwa hiari yake, wala tusiite haki 'rejeshi' kabla ya kujua kilichorejeshwa na aliyerejeshewa. Na yakiwa yameisha tu, tuseme yameisha.